Daftari la Muda

Hombolo, saa kumi na mbili kasorobo,
vumbi bado limelala.
Nimechora mistari kwa jivu la jikoni kwetu,
maana chokaa ya shule iliishia ukutani
wiki ile aliyokuja mgeni.
Roda Ndahani anavua kandambili,
anazipanga pembeni mwa jiwe
kama anayemwachia jirani kitu amtunzie.

Mita mia nane. Mizunguko miwili.
Mbili, ishirini na moja.
Naandika. Mkono unatetemeka, nakiri.
Ana miaka kumi na mitatu.

Daftari hili lina kurasa za mbele pia.
Ukurasa wa nne ni wa Mhogolo, mita elfu tatu:
namba zinashuka, zinashuka,
kama maji ya korongo yanayojua njia,
kisha zinakatika.
Chini yake nimeandika deni la sukari.
Nilimwambia maumivu ni uvivu uliobadili nguo.
Nikamkimbiza juu ya goti lililokuwa likiomba.
Kikombe tulikileta. Kipo kabatini kwa mwalimu mkuu,
kimejaa vipande vya chaki na bikari isiyo na mwenyewe.
Mhogolo yuko Ihumwa, ana bodaboda,
akishuka huuinua mguu kwa mikono miwili
kama mzigo wa abiria.
Shikamoo, mwalimu.
Nauli yangu hapokei.
Angenitukana, ningelala.

Jana kaja Bwana Masinjisa wa michezo wilayani,
viatu vyeupe, hakutaka kukanyaga jivu.
Huyu binti ni dhahabu, akasema.
Mwongeze mia nne, mwongeze elfu moja na mia tano,
mtie na kwenye vijiti,
asubuhi na jioni; masomo atayakuta.
Mkoa unatutazama, mwalimu.
Nikajibu: ndiyo, mkuu.
Ulimi wa mtumishi una reli zake.

Nyuma ya nyumba nina robo eka ya mizabibu.
Mwaka wa kwanza mche mmoja ulitoa vishada vitatu,
nikaita watu waje waone.
Mbeleje, mke wangu, akatoka na mkasi
akavikata vyote,
vikaanguka vibichi, punje ndogo kama uwele.
Siku mbili sikumsemesha.
"Shina kwanza," alisema, akafuta mkasi kwenye khanga.
Jirani aliyeviacha vyake alikula zabibu mwaka ule.
Mwaka wa nne alikuwa anang'oa kuni.

Lakini mtoto si mzabibu.
Mzabibu hauna mama anayeuza ubuyu kwa vijiko
akihesabu nauli ya kwenda kumwona bintiye akishinda.
Mzabibu hautaki kushinda.
Roda anataka. Nimemwona kwenye kona ya mwisho,
meno nje, anacheka huku anaumia,
na mimi ni nani nimnyang'anye hilo
kwa sababu ya dhambi yangu ya ukurasa wa nne?

Anarudi, mikono kiunoni.
"Nimepata ngapi?"
Subiri. Niambie kwanza umeona nini.
Ananitazama kama nimeugua.
Anachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu, anafuta.
"Kwenye kona ya tatu pumzi ilinitoroka," anasema.
"Sikuikimbiza. Nikaikuta mbele, inanisubiri."

Nimechora mstari mpya katika daftari,
safu ya pili, pana kuliko ile ya namba,
nikaandika maneno yake yalivyo.
Mia nane tu mwaka huu, nikamwambia.
Jioni hakuna mazoezi; nenda kasome, au kalale, au kacheze rede.
Kwa Masinjisa nitapiga simu kesho.
Nimesema kesho tangu asubuhi.

"Sasa ngapi?"
Mbili, ishirini na moja.
Akapiga kelele hadi kunguru wakahama bati la darasa la sita,
akavaa kandambili, ya kushoto imeshonwa kwa waya,
akachukua ndoo yake,
akaondoka akitembea.