Ufunguo Umevuka Maji

Jana jioni iliwaka. Shahidi ni Bi Nyamizi,
alisimama nyuma yangu na harufu ya dagaa mkavu
akasema, "Haya, fundi, umeifufua,"
akanihesabia noti zenye magamba.

Leo, kabla korongo hawajashuka Mwaloni,
ameirudisha imefungwa kwenye khanga:
"Mgonjwa wako amekata kauli."

Nabonyeza. Feni inanguruma, taa ya kijani inakubali,
kisha kioo cheusi, na pembeni juu
kistari kimoja cheupe kinakonyeza,
kinakonyeza, hakisemi kinachotaka.

Na mfumo ni mpya. Nimeuweka kwa mikono hii.

Nafungua kifuniko. Vumbi la Kirumba, bawa la mdudu wa ziwani.
Nachomoa ram, naisugua meno kwa raba ya mwanafunzi,
narudisha. Kistari.
Nabadilisha betri ya saa, ile ndogo kama sumni.
Kistari.
Naingia kwenye orodha ya nani aamshwe kwanza,
naitanguliza diski. Ipo, yatajwa kwa jina na ukubwa,
nzima, kama mlinzi aliyelala na rungu mkononi.
Kistari.

Bi Nyamizi amekalia ndoo, kimya.
Mle ndani mna magunia mia na arobaini:
nani kachukua, nani kalipa nusu, nani kaapa kwa mama yake.
Luku inalia: yuniti mbili.

Saa sita, jua likipasha mawe ya Mabatini,
ndipo nikakumbuka flashi.
Flashi nyekundu ya Bujiku, mwanawe,
niliyopandishia mfumo, nikaiacha imechomekwa
tulipozima na kuwasha, mara mbili, tukashangilia.

Nilipoulizwa mwamshaji aandikwe wapi
nilibonyeza "sawa" bila kusoma.
Nyumba nimeijenga Kirumba,
ufunguo nimeutia mfukoni mwa kijana.

Nampigia. Upepo, injini, mtu anauza mayai.
"Niko melini, fundi, tunakaribia Nansio.
Flashi ninayo. Ila nimeifuta usiku,
nimejaza harusi ya binamu."

"Kosa langu," nikamwambia mama mtu.
Maneno mawili, yaliniwasha koo.
Akanitazama. "Dagaa hajianiki mwenyewe," akasema.

Nikachomeka flashi yangu, nikaingia kwa mlango wa nyuma,
nikamwandika mwamshaji upya, pale pale kwenye diski,
nikisoma kila swali kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nikachomoa flashi. Nikachomoa hata kipanya.
Nikazima.

Nikawasha.

Feni. Kistari.
Kistari kikafutika.

Bi Nyamizi akavaa miwani, akafungua hesabu zake,
akashusha kidole safu kwa safu, kikatua
mstari wa thelathini na mbili:
Fundi Ng'wasi, Makoroboi. Madebe mawili. Tangu Machi.

"Sasa imewaka," akasema.