Kishikio

Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Mate yaliniganda ndevuni kabla sijamaliza kulaani.
Simu iliingia saa tisa kasoro robo: gari limo mtaroni,
barabara ya Kiiminki, mtu yumo ndani, na yuko macho.

Yuko macho.
Neno hilo bado linanikosesha usingizi.

Alikuwa Aulikki Hietala, muuguzi wa zamu ya usiku,
yule anayezunguka nyumba kwa nyumba
kuwageuza wazee vitandani na kuwapa vidonge vya alfajiri.
Gari si lake. Ni la manispaa: jipya, jeupe,
ubavu laini kama yai lililomenywa.

Nilipapasa mlango.
Nikapapasa tena, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu.
Kishikio kilikuwapo, lakini kimelala ndani ya bati,
kinangoja umeme uje kukiamsha, kama bwana mkubwa,
na betri ilikuwa imekufa pamoja na taa.

Pauli akaleta shoka.
Kioo cha ubavuni kilipasuka utandoutando, hakikuachia:
kilitiwa ngozi katikati
ili mvumo wa upepo usimsumbue dereva.
Kazi nzuri waliifanya. Nilimwona Aulikki akipiga ngumi,
mdomo ukifumbuka, ukifumbika,
wala sikusikia kitu.

Dakika kumi na tisa. Niliziandika mwenyewe kwenye fomu.
Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi.
Ndio mkono aliokuwa akitafutia mshipa.

Kampuni ilijibu barua yetu kwa adabu.
Ilisikitika. Ilikumbusha kwamba kamba ya dharura ipo,
chini ya zulia, chini ya kifuniko cha mpira,
ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.
Aulikki alicheka hadi akakohoa.
"Ningewasha nini nikisome hicho kitabu?"

Najaribu kuwafikiria waliokaa kwenye ile meza.
Sidhani walikuwa waovu. Nadhani walikuwa na joto.
Kahawa, dirisha kubwa, fulana za mikono mifupi;
mmoja akachora mstari usiokatizwa, toka taa hadi taa,
wenzake wakasema, aa.
Mwingine akapiga hesabu: kishikio kikiondoka
upepo hauna pa kushika,
gari litajipatia kilomita tano zaidi.
Hakuna aliyekuwa amevaa glavu.
Hakuna aliyeuliza, na mkono je, utashika wapi?

Mchuma janga hula na wa kwao, husemwa.
Hawa walilichuma kwao, wakatupakulia sisi.

Machi, mto ukiwa bado umefungwa kwa barafu,
Kalervo wa karakana ya manispaa, bila kuomba ruhusa,
alitoboa milango yote minne
akafunga vishikio vya kabati la jikoni la marehemu mama yake,
vya shaba, vyenye maua,
na waya kutoka hapo hadi kwenye komeo.
Gari likawa kichekesho. Watoto walilipiga picha.

Mkaguzi alikuja, binti mmoja mpole, akalizunguka mara mbili.
Akavaa glavu zake nene, akavuta. Mlango ukafunguka.
Akaufunga, akavuta tena.
Kisha akaandika: limekataliwa,
lina sehemu isiyomo kwenye mchoro.
Alipokwisha kutia sahihi
alivuta mara ya tatu, polepole, hakusema kitu.

Gari sasa limeegeshwa nyuma ya karakana, theluji imelifunika
ila yale maua manne ya shaba.
Aulikki anaendesha lake kuukuu, la mwaka wa tisini na mbili,
lenye kutu, mlango unalia kama mbuzi kila ukifunguliwa.
Wazee, gizani, wanausikia,
wanajua amefika.