Kapasita Moja

Kifurushi kimefika Jumanne, kimefungwa kwa uzi wa nailoni,
mwandiko wa mtu aliyezoea kushika koleo.
Ndani: gazeti la mwaka jana, harufu ya maziwa yaliyochacha,
na bodi yetu, ndogo kuliko kiberiti,
ndogo kuliko kisingizio.

Sisi ni watu tisa, ghorofa ya juu ya kilichokuwa kiwanda cha soksi
mjini Cēsis. Chini yetu wanauza vipuri vya baiskeli.
Harusini mtu akiniuliza kazi yangu, nasema: kompyuta,
naye hunitolea simu yake iliyopasuka kioo.
Sibishani. Nitamwambiaje kwamba zetu
hazina kioo wala kibonye,
kwamba zikitoka hapa huingia ndani ya kitu kingine
na kitu hicho ndicho huitwa jina?
Lifti hupanda. Mizani hupima. Pampu huvuta.
Hakuna asemaye, kompyuta imevuta maji.

Barua ilikuwa fupi.
*Imekaa kwenye tangi langu la kupozea maziwa miaka kumi na mmoja.
Wiki iliyopita imekufa kikondoo. Niambieni kama kosa ni langu.
Ilgonis Pūce.*

Vizma, aliyelehemu mia tano za mwanzo kwa mkono
kabla hatujakopa pesa za mashine,
akaiweka chini ya lenzi,
akanyamaza mpaka chai yake ikapoa.
"Hii ni yangu," akasema. "Tazama pini ya saba, ina nundu.
Siku ile nilikuwa na homa, na Dzintra alininyima ruhusa."
Dzintra, mwenye kampuni, akajifanya anatafuta kalamu.

Akang'oa kapasita moja, punje ya mchele,
akaweka nyingine, akapuliza.
Kitaa cha kijani kikafumbua jicho.

Haikuuliza mwaka. Haikuuliza ililala wapi.
Kitu cha kwanza ilichofanya ni kuuliza joto:
nyuzi ngapi? Kila sekunde nne, nyuzi ngapi?
na tangi liko mbali, kilomita mia mbili, Latgale,
na waya wake unaning'inia mezani petu
karibu na mkate wa mtu.

Ndipo tukasoma kumbukumbu zake.
Mwaka wa kwanza: saa mbili na ushei kupoza maziwa ya asubuhi.
Wa tano: saa moja.
Wa tisa: dakika ishirini.
Mwaka huu, tangu Februari, dakika sifuri,
na bado tangi limewashwa kila alfajiri,
saa kumi na moja na nusu, bila kukosa hata Jumapili,
likipoza hewa.

Hakuna aliyesema neno.
Dzintra akasema aina hii tuliacha kuitengeneza zamani,
tumpelekee mpya, bure.
Vizma akatikisa kichwa, akaifunga hiyo hiyo
kwa uzi ule ule wa nailoni.

Kwenye ankara nikaandika: kapasita, moja, senti mbili.
Nikafuta senti mbili.
Chini yake: *Si kosa lako, Bwana Pūce.
Inafanya kazi.*