Kukata Neno

Fomu ya ripoti imeniachia mistari mitatu
nimweleze Semkiwa, wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
aliyekutwa na baiskeli isiyo yake
na spana namba kumi na tano mfukoni.

Umri: daktari wa Bombo kamfumbua kinywa,
kahesabu magego, kaandika
"kumi na saba, ama kumi na tisa."
Baina ya saba na tisa pana ukuta,
na juu ya ukuta, vigae vya chupa.

Mwantumu, mamake, hana cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
"Mwaka tuliopunguzwa kazi mkongeni," anasema,
"vuli, siku ya gulio."
Nimepiga simu Muheza. Gulio wanalikumbuka.

Hakimu leo hakuvaa joho. Kauliza taratibu:
"Ustawi mnapendekeza nini?"

Nami nilikwisha andika *hana mwangalizi*,
maana nilibisha hodi saa nne asubuhi
na mama alikuwa sokoni, kauza mihogo
apate nauli ya kuja hapa.

Nimekata neno.
Wino umechafua mstari wa pili.
Kijana ananitazama mkono, si uso.