Mbao Changa

Mwalimu Nyaulingo aliniuliza mimi, mdakaji,
kwa sababu kiganja changu ndicho kinachojua.
Nikakitazama. Kimevimba chini ya kidole cha shahada,
chekundu kama udongo wa Igowole mvua ikikatika.
Hiyo ni kazi ya Wendelini Luvanda, miaka kumi na saba,
mrushaji ambaye bado hana jezi.

Benchi la akiba liko nyuma ya uzio, upande wa msitu,
limegongwa kwa mabanzi ya kiwandani.
Linakaa watu wanne. Watatu wameshakaa:
Sanga, ambaye kiwiko chake kinanuka dawa ya kuchua tangu alfajiri;
Kibiki wa mkono wa kushoto;
na Mgaya, anayecheka hata wapinzani wakijaza vituo vyote.
Imebaki nafasi moja, nyembamba,
na Makambako wameleta kijana wao,
ana barua, na mjomba kwenye kamati.

Niseme nini?
Niseme mpira wake ulionyooka hauna adabu,
unafika kabla mpigaji hajamaliza kumeza mate.
Aliujifunza shambani, akiwavurumishia ngedere mawe
mahindi ya mama yake yakianza kubeba.
Ngedere, anasema, hakai akusubiri ulenge.

Lakini ule wa kukunja haujamtii.
Mara tatu katika kumi unakata kona kama nyoka aliyekanyagwa mkia;
mara saba unakwenda zake tu,
na Jumamosi ile ulikwenda kwenye sufuria la mama Tulizo,
chai yote chini.

Tena kuna jambo la masikio.
Tukiwa wawili, ukungu umefunga, sioni hata kofia yake,
anarusha kwa kufuata sauti ya glovu yangu, na hakosei.
Watu wakija, wakianza kelele,
mabega yanampanda mpaka kwenye ndewe.

Hapa Mafinga tunajua kukadiria gogo.
Fundi wa msumeno hulizunguka mara moja, akalipiga teke,
akasema: mbao tisa. Zikatoka tisa.
Kifundo cha ndani hata yeye hakioni.
Na paini iliyokatwa kabla ya miaka yake
haikosi mnunuzi. Inauzwa, inapigiliwa,
halafu jua la Oktoba linaipinda, misumari inachungulia.
Nimeona mapaa mengi ya haraka.
Nimeona pia gogo zuri likisubiri lori
hadi mchwa wakaja na makadirio yao.

"Sema basi." Kalamu ilikuwa juu ya daftari.
"Awamu ya nane, tunaongoza kwa moja, Sanga amechoka.
Unamwita nani?"

Sikujibu. Kule uwanjani
Wendelini alikuwa anaokota mipira, yote ishirini,
anaipangusa mmoja mmoja kwenye suruali
kana kwamba kuna atakayeikagua.

Nikavaa glovu.
Mwambie arushe ule wa kukunja, nikasema, mara kumi,
na hawa wote wasogee, wapige kelele watakavyo.
Nitahesabu kwa kiganja.

Baridi ilikuwa imeanza kushuka kutoka kwenye miti.
Akapanda mwinuko, akatema mate vumbini, akanitazama.

Wa kwanza ulikwenda zake.
Niliufuata hadi kwenye nyasi, nikarudi nao mkononi,
nikamrushia.
Bado tisa.