Chai ya Tangawizi

Njoo mwangani, mama. Hapa mlangoni,
vumbi la Majengo lisikusumbue.
Picha ya faru haisomwi kwa macho matupu,
wala kwa bei iliyoandikwa nyuma.

Kwanza vidole. Fumba macho, vipitishe pembeni.
Picha za kale zilipigwa kwa bamba la shaba,
na bamba likigandamiza karatasi yenye unyevu
huacha bonde jembamba, kama alama ya mkanda
kiunoni mwa mtu aliyerudi kazini jioni.
Umelisikia bonde hapa?
Na mimi sijalisikia.

Sasa iinue, jua lipite katikati.
Karatasi ya zamani ina mishipa ndani yake.
Na hapa kwenye kona, ilipochanika:
nje hudhurungi, ndani nyeupe kama sembe.
Uzee wa kweli huingia hadi moyoni;
huu umeishia kwenye ngozi.

Shika kioo. Rangi ya mkono huvuka mstari,
majani hupanda juu ya kwato.
Binti fulani wa Ulaya, analipwa kwa kila karatasi,
ana haraka, giza linamwingilia.
Lakini tazama shingoni: nukta,
za bluu, za njano, za waridi,
zimejipanga kama uwele kwenye ungo.
Hakuna mkono wenye subira hiyo.

"Ndahani aliinunua kwa ng'ombe wawili," unasema.
"Aliniambia, Yudithi, hii ndiyo pensheni yako.
Babu yake aliwaona faru, kule upande wa Mpwapwa.
Alicheka sana: aliyemchora huyu hakumwona,
ndiyo maana kampa masikio ya punda."

Kweli, masikio ni ya punda.
Nakala imelibeba kosa zima, bila kupunguza.
Nainusa karatasi, mara moja, mara ya pili,
na ulimi unanikauka.

Ukungu ungenuka kama stoo. Hii inanuka chai,
na ndani ya chai, tangawizi.
Nani hutia tangawizi kwenye chai ya kuzeeshea karatasi?
Mtu asiye na sufuria ya pili.
Mtu aliyeinyakua ile ya asubuhi, ingali na moto,
mwaka ule serikali ilipohamia huku
na kuta mpya zikawa zinadai picha;
akaanika faru kumi na wawili juu ya kamba,
nyuma ya nyumba, Chang'ombe,
katikati ya kanga za mkewe.
Dalali alizibeba zikiwa hazijakauka vizuri.

Kamba ilikuwa yangu.

Nje mtu anapita na ndoo ya zabibu, anataja bei.
Unaikunja leso, unaikunjua.
"Sasa, fundi, nani alimdanganya mzee wangu?"

Nimekuonyesha bonde, mama, nimekuonyesha mishipa,
na nukta, na moyo wa karatasi.
Kimebaki kimoja.
Vuta stuli. Sogea karibu na shati langu,
kisha karibu na faru.
Nusa.