Dakika Kumi Kabla ya Saa

Kila dakika kumi kabla ya saa
Orpha Lindquist alivaa koti la kaka yake,
akatoka nje ya kibanda kuitazama mbingu
kama mtu anayehesabu deni la mwingine.

Kwanza kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi:
alikizungusha hewani kwa mnyororo mpaka bega likamuwasha.
Kisha upepo. Kisha, ikiwa ni usiku, puto
lililoning'iniza kitaa cha karatasi;
aliliachia, akahesabu sekunde
mpaka mawingu yakakimeza kile kitaa.
Hicho ndicho kilikuwa kimo cha dari ya Wyoming:
sekunde za mwanamke mmoja
aliyesimama thelujini akisogeza midomo.

Mwaka wa arobaini na tatu wanaume walikuwa vitani,
serikali ikamwajiri kwa ajili ya sikio lake.
Kabla yake ilikuwako mioto ya wakulima,
na mishale ya saruji iliyolazwa nyikani,
kila mmoja ukimwelekeza rubani wa barua kwa mwenzake.
Teletaipu ilikuja baadaye,
ikitafuna karatasi ya manjano usiku kucha:
Cheyenne yasema, Laramie yasema, Rawlins kimya.
Rawlins ikinyamaza, Orpha hakumaliza kahawa.

Lakini chombo alichokiamini hakikuwa katika orodha ya vifaa.
Lilikuwa bomba la moshi la kiwanda cha viazisukari, ng'ambo ya reli.
Moshi ukisimama wima, haya.
Moshi ukijilaza juu ya mapaa kama mbwa mgonjwa,
saa moja baadaye njia ya mlimani itakuwa imezibwa,
hata kama vipimo vyote vinatabasamu.

Thurlow Beasley alipiga simu Februari moja, alfajiri.
Ana vipuri vya trekta. Ana mtoto wa miaka tisa
ambaye hajawahi kupanda ndege. Vipi huko juu?
Orpha akamsomea, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka:

    Waya wadai ni shwari,
    moshi waleta habari:
    mlimani pana shari,
    kwa macho, sikushauri.

Simu ikakaa. Ungesikia waya wenyewe ukivuma,
maili sitini za nguzo na baridi.
Kisha Thurlow: Basi ngoja ninywe kahawa nyingine.
Akakata.

Ni hayo tu. Hakuna kilichotokea.
Hakuna ndege iliyotafutwa, hakuna farasi waliopandishwa mlimani.
Mtoto alikula mayai, pengine alilia kidogo.
Vipuri vilifika Jumanne, kwa lori.

Sikio la kufa, twasema, halisikii dawa,
na masikio hayo Orpha aliyajua kwa majina:
sita, katika miaka thelathini na nane,
kila moja na faili lake, na tarehe,
na neno la mwisho lililosemwa kabla ya kuruka.
Lakini sikio lililopona halina faili.
Lenyewe halijui kwamba lilipona.
Limekunywa kahawa, limeilaani hali ya hewa, limezeeka.

Kibanda kilifungwa mwaka wa themanini na moja.
Walikuja vijana wawili na bisibisi,
wakaing'oa teletaipu, wakamwachia kiti.
Tangu hapo ukipiga, sauti ilitoka Denver,
sauti ya adabu, yenye picha za setilaiti mbele yake,
wala haikukosea sana. Kisha ikaja isiyo na koo kabisa:
Dari. Futi. Elfu. Moja. Mia. Mbili.

Kiwanda bado kinachemsha viazisukari kila majira ya baridi.
Orpha anakaa kwa binti wa dada yake, chumba cha nyuma,
na dakika kumi kabla ya saa huinua uso dirishani.
Mara mbili ameshampigia fundi wa uwanja wa ndege.
Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru,
akamuuliza yeye ni nani.

Leo moshi umelala.
Anatafuta miwani. Anatafuta simu.